Giligilani Katika Bakuli la Mzee Damiano

Mbinga mjini,
12 Mei 2024

Wifi yangu Eliza,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua ninyi Waanglikana wa Liuli mnaitikia kwa namna yenu, lakini salamu ni salamu, ipokee. Sisi huku hatujambo, ila baridi imeanza mapema na ukungu hauondoki mpaka saa nne. Mwanetu Isidori amehamishiwa kazi Tunduru, kila akipiga simu ni kulalamikia joto. Kaka zangu kule Litembo wanasema kahawa imebeba vizuri. Usipa, dagaa wenu wa ziwani, ulionifungia siku ya kumaliza matanga ya baba tuliula hadi wa mwisho, paka akanuna.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ya kwenu ukipiga ni halo, halo, mpaka salio linaisha. Bernadi, kondakta wa basi, ameniahidi atakukabidhi mkononi.

Jambo langu ni vyombo vya kupandia. Ua wetu wote ni saruji, kwa hiyo nimeamua kupanda maua na viungo kwenye vyombo. Nilianza na ndoo za rangi. Wifi, usije ukajaribu. Jua likipiga zinachemka, mizizi inaiva kama viazi, na mvua ikinyesha maji yanatuama mpaka udongo unanuka yai viza. Nilichomoa waridi langu moja nione kinachoniulia, mizizi ikanichuruzikia mkononi kama makamasi. Nilitapika palepale barazani. Unanijua nilivyo na kinyaa. Halafu jirani mmoja akaniletea madumu ya dawa ya kunyunyizia kahawa, eti niyakate vichwa nipandie mchicha. Yeye mwenyewe ndivyo anavyofanya, na wajukuu zake wanakula. Nilimrudishia kwa ncha ya fimbo.

Vyombo vilivyonifaa ni vile kaka yako, Baba Isidori, alivyonikusanyia nyuma ya nyumba yenu tulipokuwa tunaondoka msibani: sufuria la marehemu mama lililotoboka, karai, na lile bakuli kubwa jeupe la bati, lenye ukingo wa buluu na mshikio mmoja. Hilo ndilo kipenzi changu. Nimelitoboa kitako kwa msumari, nikatandika vigae chini ili maji yapite, nikapanda giligilani. Nimeliweka dirishani, karibu na meza ya kulia. Baba Isidori aliniambia ndilo alilokuwa akimnyweshea baba, Mzee Damiano, uji, amelishika mwenyewe kwa mikono miwili, mzee kamwegemea kifuani. Nikilimwagilia machozi yananilenga.

Maana mimi sikuwahi kufika baba akiwa mgonjwa, na kila kaka yako alipokwenda kumuuguza aliniletea maneno ya mzee. Yale ya mwisho sitayasahau: "Mwambie mwanangu Beata apande maua, nyumba isiyo na ua ni ghala." Ndipo nilipoanza haya yote.

Sasa naomba kama kuna vyungu vya zamani vya mama Edina vimebaki, unipe viwili vitatu. Chungu cha udongo kinapumua, mmea unakipenda.

Baba Isidori anasema ukoo utakaa mwaka huu kuhusu nyumba ya mzee. Nitakuja nami, kwa sababu anataka niseme alivyohangaika na baba.

Wako akupendaye,
Beata


Liuli,
9 Juni 2024

Wifi Beata,

Nimepata barua yako. Namshukuru Mungu kwamba hamjambo. Mpe pole Isidori, mwambie anywe maji. Hapa nipo na afya yangu. Ziwa limechafuka wiki hizi, usipa hakuna, tunakula kisamvu. Mke wa mchungaji amejifungua mtoto wa kike, wamempa jina la mama yetu, Edina. Baba mdogo Dunstan magoti yanamsumbua lakini kanisani anafika.

Vyungu nakutumia viwili kwa Bernadi. Kimoja kina ufa mdomoni, hauudhuru mmea. Usivitoboe kwa msumari, vitapasuka. Viloweke majini usiku kucha, halafu zungusha ncha ya kisu taratibu, kwa ndani.

Hilo bakuli jeupe. Umesema umepanda giligilani. Je, mnaila?

Kama mnaila, acheni. Ing'oe uitupe, na udongo wake. Kama unataka chombo kibaki, panda ua lisiloliwa, uliweke nje mbali na meza. Ukikitupa chombo chenyewe itakuwa bora zaidi.

Habari ya kikao cha ukoo ndiyo kwanza naisikia kwako.

Wifi yako,
Eliza


Mbinga mjini,
30 Juni 2024

Wifi Eliza,

Tumsifu Yesu Kristo. Vyungu vimefika, kimoja kimevunjika njiani, Bernadi anasema gurudumu lilipasuka kwenye kona za Mbamba Bay. Ahsante sana. Kile kizima nimepanda mnanaa. Sisi wazima, isipokuwa kaka yako ana mafua. Hongera kwa mtoto Edina.

Ushauri wako kuhusu bakuli sikuuelewa, na nikuambie ukweli, umenichoma. Jumuiya yetu ilisali hapa nyumbani Jumatano. Nilipika wali na maharage, nikakata kachumbari, nikachuma giligilani ya bakuli lile mbele yao na kuitia. Baba Isidori akawasimulia habari ya uji. Mama Hildegardi, jirani yetu, alilia. Mzee mmoja akasema watoto wa kiume wa namna hii hawazaliwi tena. Kisha wakaongeza kachumbari. Sasa mimi ning'oe kitu chenye baraka hiyo kwa sababu gani?

Nilimsomea Baba Isidori barua yako. Alisema nisikulaumu, una wivu wa mtu aliyekuwepo asifanye kitu. Anasema alipokuwa akifika alikukuta ufukweni na wachuuzi wenzako, mzee yuko peke yake, naye ndiye aliyekuwa akivua shati na kumwosha. Sikutaka kuyaamini, lakini wewe mwenyewe hujawahi kuniandikia hata mstari mmoja kuhusu ugonjwa wa baba. Kila nikikuuliza, unaniambia habari za usipa.

Kuhusu nyumba, anataka kujenga vibanda vya kupokelea wageni pale ufukweni, nawe atakutafutia chumba. Naomba usilete ugomvi kikaoni. Aliyemuuguza mzazi ana haki yake.

Ni mimi,
Beata


Liuli,
4 Agosti 2024

Wifi Beata,

Salamu kwako na kwa nyumba yako. Nimechelewa kujibu. Si Bernadi aliyechelewesha, ni mimi. Nimeandika na kuchana. Hapa kwetu hakuna jipya. Ziwa limetulia na samaki wamerudi.

Sasa nisome umekaa chini, na usiwe umekula.

Baba hakusema neno lolote tangu siku alipoanguka katika shamba la muhogo. Ulimi ulilala pamoja na mkono wa kulia na mguu wa kulia. Zaidi ya miaka miwili alikuwa akitoa sauti moja tu, kama ya mtu anayesafisha koo. Nilijifunza kuijua: hii ni ya njaa, hii ni ya mbu, hii ya kugeuzwa. Maneno hakuwa nayo. Hizo salamu ulizoletewa, za maua na ghala, sijui zilitoka katika kinywa cha nani, lakini cha baba hazikutoka.

Lile bakuli si bakuli. Ni poti. Mama alilinunua zamani akiwa mgonjwa yeye, akafa, likabaki. Humo baba alijisaidia haja kubwa na ndogo muda wote aliolala. Nilimshika kiunoni, nikalisukuma chini yake, nikangoja, nikalichomoa, nikampangusa, nikaenda kulimwaga. Nililisugua kwa majivu na sabuni na mchanga wa ziwa, na bado pale rangi nyeupe ilipobanduka palibaki weusi usiotoka. Hata wewe utakuwa umeuona ukadhani ni kutu. Tulipomzika nililipeleka nyuma ya choo, nikalifunika kifudifudi nilifukie nikipata nguvu. Kaka ndiye aliyelifunua akakupa.

Hakufanya hivyo kwa ubaya. Hilo ndilo linalonitia kinyaa hadi leo. Hakujua. Mtu yeyote aliyewahi kuingia chumba kile hata mara moja angelijua, maana lilikuwa chini ya kitanda, na macho yako yakizoea giza ndilo unaloliona kwanza.

Alikuwa akija, siwezi kumzulia kwamba hakuja. Alifikia nyumba ya wageni, akala samaki mbasa wa kuchoma, akalala. Asubuhi alikuja kwetu na kusimama uani, nje ya dirisha, akiuliza kwa sauti mzee anaendeleaje. Nilimwambia aingie amwone. Alisema ataingia jioni. Jioni alikuwa amepanda gari, na usipa wangu mkononi.

Siku moja joto lilikuwa kali, nilikuwa namsafisha baba na dirisha liko wazi. Upepo ukamfikia kaka kule uani. Akakohoa, akageuka, akatema mate mchangani, tena akatema. Baba alikuwa macho. Kichwa chake kilikuwa chini ya dirisha lilelile, alisikia kila kitu. Jicho la upande uliokuwa hai likatoa machozi. Nilimpangusa kwa kitambaa nilichokuwa nimekishika, na kitambaa chenyewe hakikuwa safi, maana sikuwa na kingine karibu.

Hayo ndiyo niliyokuwa nakunyima nikikuandikia habari za usipa. Ugonjwa wa baba haukuwa habari ya kupeleka kwenye basi. Alikuwa mtu safi sana, baba. Kucha zake zilikuwa safi hata msimu wa kulima.

Barua yako ya kwanza nilipoisoma nilicheka peke yangu, nikasema waache wale. Ile ya pili, uliposema wanajumuiya waliongeza kachumbari, sikucheka. Nilitoka nje.

Eliza


Mbinga mjini,
18 Agosti 2024

Eliza,

Sikusalimu.

Nimetapika siku nzima. Nimelitupa lile dude na giligilani yake katika shimo la taka, nikamwagia mafuta ya taa, nikachoma. Meza nimeisugua mpaka vanishi imetoka. Kila nikila naona lile doa jeusi. Nilikuwa nalisugua kwa kucha zangu hizi, nikisikitika kwamba bakuli la baba linashika kutu.

Lakini siamini maneno yako kuhusu mume wangu. Nimeishi naye tangu Isidori hajazaliwa. Wewe ndiye mchafu. Wewe ulijua tunakula nini ukaandika "acheni" kama mtu anayekataza chumvi. Mtu wa namna hiyo anaweza kutunga lolote ili abaki na nyumba. Nimemuuliza Baba Isidori, amesema alichanganya vyombo, mgonjwa ana vyombo vingi. Inatosha. Mtu anaweza kuchanganya.

Usiniandikie. Bernadi nimemwambia asipokee kitu kutoka kwako.

Beata


Mbinga mjini,
13 Oktoba 2024

Wifi yangu Eliza,

Tumsifu Yesu Kristo. Sijui nianzeje. Nakusalimu, na kama umeichoma barua hii kabla ya kuifungua nitakuwa sina la kukulaumu. Isidori anakusalimu. Mvua huku bado, vumbi limejaa kila mahali, miche yangu mingi imekauka kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuimwagilia.

Nilikuwa mgonjwa. Homa ya matumbo, wifi, na si ile ya kunywa dawa ukiwa unatembea. Nilianguka bafuni. Nilirudishwa kutoka hospitali nikiwa na vidonge, wakasema niuguzwe nyumbani. Mwili wangu ulikuwa umefunguka pande zote mbili, juu na chini. Sikuweza kufika chooni. Nakuandikia mambo haya kwa sababu wewe ndiye mtu pekee ninayeweza kumwandikia.

Kaka yako alihamia chumba cha Isidori siku ya kwanza. Alisema asiniambukize mafua. Chai aliiacha sakafuni mlangoni, akaisukuma kwa mguu, kama mtu anayemlisha mbwa mkali. Aliyenisafisha ni Mama Hildegardi. Alikuja asubuhi na jioni, si ndugu yangu, kabila si langu, akikunja mashuka yangu huku ameangalia pembeni na anapumua kwa shida. Niliona aibu mpaka nikatamani nife. Yeye alikuwa akiniuliza kama nimesikia bei ya mahindi.

Asubuhi moja alikuwa ameenda kuanika. Nilikuwa nimetapika sikuwahi beseni, shavu langu limelala palepale. Simu ya kaka yako ikalia sebuleni. Ukuta wetu ni mwembamba. Nilijua anaongea na baba mdogo Dunstan kwa jinsi alivyotoa shikamoo. Akauliza magoti, akaitikia, halafu akasema, "Hali si nzuri, baba. Nimetoka kumnywesha uji sasa hivi, kwa mkono wangu. Nimemwegemeza hapa kifuani. Amelala."

Sikuwa nimelala.

Na sauti yake, wifi, ilikuwa ikitetemeka. Machozi yalikuwa ya kweli. Hicho kilinitia kinyaa kuliko kile nilichokuwa nimelalia. Hadanganyi kama mwizi anayejua ameiba. Anajiona mle ndani, anajiona kabisa ameshika bakuli, na anajihurumia kwa kazi kubwa anayoifanya.

Nilifumba macho nikakumbuka barua yako yote, na kule uani, na dirisha, na kutema mate.

Nimepona sasa, nimebaki mifupa. Sijamwambia kitu. Nampikia, namtengea, mimi nakula jikoni. Akianza kutafuna, naondoka. Usinipigie wala usitume ujumbe, simu yangu anaisoma. Mpe Bernadi, nimemwomba radhi.

Nisamehe kwa neno nililokuita. Kikao ni lini? Na uniambie, wifi, uliwezaje muda wote ule?

Beata


Liuli,
27 Oktoba 2024

Wifi Beata,

Pole. Pole sana kwa homa, na pole kwa lile lingine. Mshukuru Mama Hildegardi kwa niaba yangu. Nampelekea mbasa wawili waliokaushwa vizuri, si wako, ni wake. Hapa tu salama. Baba mdogo Dunstan ameacha fimbo moja sasa anatembea na mbili.

Barua yako sikuichoma. Niliiweka kwanza kwenye debe la unga, nikaifungua baada ya kula.

Umeniuliza niliwezaje. Sikuweza. Nilikuwa napumua kwa mdomo mpaka namaliza, halafu naenda nyuma ya nyumba natapika, nanawa, narudi kumpa uji. Mwaka wa kwanza hivyo, na wa pili hivyohivyo. Wanaosema kinyaa kinaisha hawajawahi kumwosha mtu mzima. Hakiishi. Unakijua tu saa yake ya kuja, kama mgeni asiyependwa, na kazi unaifanya kimekaa pembeni. Kuna siku nilimchukia baba. Kuna siku nilimsugua kwa hasira akatoa ile sauti yake, nikasimama nikamwomba radhi, na hakuwa na namna ya kunijibu. Kwa hiyo usinifanye mtakatifu. Kaka alitunga hadithi nzuri kwa sababu ile ya kweli haina hata sehemu moja nzuri.

Kikao ni Jumamosi ya katikati ya Novemba, hapahapa nyumbani. Kaka amempigia kila mzee. Wengi wameshalainika, maana wanalia anapolia.

Kama unakuja, njoo. Lakini usije kusema kwa ajili yangu. Mimi nikitolewa hapa nitapata pa kulaza kichwa. Wewe utarudi kwenye nyumba yenye yule mtu ndani. Fikiri hilo kwanza.

Wifi yako,
Eliza


Litembo,
24 Novemba 2024

Wifi yangu Eliza,

Tumsifu Yesu Kristo. Utashangaa kuona barua inatoka Litembo. Nipo kwa kaka zangu, tunapanda mahindi. Mvua imekuja vizuri na mgongo unaniuma kwa raha. Wake wa kaka zangu hawaniulizi kitu, wananipa jembe.

Ulikuwa jikoni na akina mama, sijui ulisikia kiasi gani, kwa hiyo nakuandikia yaliyotokea sebuleni. Kaka yako alizungumza vizuri sana. Alisimulia kuvua shati, kumwosha mzee, kumgeuza. Alipofika kwenye uji akalia, na mzee aliyekaa karibu na mlango akatikisa kichwa kwa huruma. Wifi, hata mimi niliyejua, machozi yalinikaribia. Ndivyo anavyojua. Kisha akanigeukia akasema, "Mke wangu ni shahidi."

Nilisimama nikasema, "Wazee wangu, mimi sikumwona akimuuguza baba. Niliambiwa. Na aliyeniambia alinipa poti la mgonjwa nipandie mboga, akaniapia ni bakuli la uji. Nimelisha watu humo. Mwana aliyemuuguza baba yake angelijua poti."

Shangazi mmoja alicheka kwa pua, halafu akatambua alichokicheka, akaziba mdomo akatoka nje. Kaka yako akaanza kueleza habari ya kuchanganya vyombo. Baba mdogo Dunstan akamwacha amalize. Kisha akamuuliza kwa upole tu, kama anamuuliza habari ya safari: mzee alipokuwa mgonjwa, kijiko alikishika kwa mkono upi? Baba Isidori akasema kulia. Alijibu haraka, na kwa uhakika. Wazee wakatazama chini, maana wote walikuwa wamekuja kumwona mgonjwa, wote walijua mkono ule ulikuwa umekufa.

Nilitoka kupitia jikoni, ukaniona. Ulinipa maji. Nilipanda pikipiki hadi Mbamba Bay nikiwa na nguo za kikaoni, nikalala kwa binti wa kaka yangu, asubuhi nikapanda basi. Sikusubiri kusikia uamuzi.

Sijui kama nitarudi Mbinga. Baba Isidori anapiga simu, siipokei. Isidori amekuja mara moja, akakaa, akaniuliza kama ni kweli, nikamwambia ni kweli, akaenda kuwasaidia wajomba zake kuchimba mashimo. Mama Hildegardi ananimwagilia miche iliyobaki.

Nimeanza upya hapa, kidogo. Nilikwenda sokoni kwa mama anayefinyanga, nikanunua vyungu vipya, vidogo vya viungo, vikubwa vya maua, maana mmea mdogo kwenye chombo kikubwa unalowa miguu ukaoza. Nilivinusa kimoja kimoja mbele yake, ndani na nje. Akaniuliza kama nimetumwa na mganga. Nikamwambia hapana, nataka tu kujua kimetoka wapi. Akanionyesha shimo la udongo. Nikanusa na shimo.

Niambie, wifi, yaliyofuata nilipoondoka. Nasikia juujuu kwamba nyumba imebaki kwako. Nasikia pia baba mdogo alimwamuru aingie chumbani kwa baba. Je, aliingia?

Wako,
Beata


Liuli,
8 Desemba 2024

Wifi yangu Beata,

Bwana asifiwe. Nimefurahi kwamba unashika jembe. Hapa kwetu mvua imezidi, barabara imekatika karibu na Lundu na Bernadi ameleta barua yako akitembea sehemu kwa miguu, suruali imekunjwa. Nimempa chakula. Mtoto Edina ameota meno mawili, anamng'ata kila mtu. Nimemkaribisha mjane mmoja wa Lituhi akae nami, anavuta ugoro lakini ni mcheshi.

Ni kweli, nyumba imebaki kwangu, na kiwanja cha ufukweni hakuna atakayekijenga nikiwa hai. Wazee hawakumtukana kaka. Walisema wamesikia, wakaomba chakula. Walikula wakimwachia nafasi pande zote mbili, kama mtu aliyelowa. Hata wale waliolia naye hawakumtazama. Nilipita na maji ya kunawa, nikaona hakuna aliyetaka kunawa baada yake. Sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi. Nilikwenda kumwaga yale maji.

Walipoondoka, baba mdogo akabaki mlangoni na fimbo zake mbili akamwambia, "Hamphrey, ingia ukaage pale alipolala baba yako, ndipo uende." Kaka akanitazama. Nikaenda mbele, nikafungua.

Chumba kile, wifi, hakina kitu. Kitanda nilikitoa, godoro nililichoma, kuta nimezipaka chokaa mara mbili, sakafu nimeisiliba upya. Dirisha nalifungua kutwa. Mjane wa Lituhi analala humo na anasema kina hewa kuliko chumba changu.

Aliingia hatua moja, akasimama. Akaniuliza kichwa kilikuwa upande gani. Nikamwonyesha, chini ya dirisha. Akatazama dirisha, akatazama kule nje uani. Nikaona mkono wake unaingia mfukoni, unatoa leso nyeupe iliyopigwa pasi vizuri. Bila shaka uliipiga wewe. Nikajua sasa atalia, na nikajiambia akilia hapa, peke yetu, pasipo wazee, nitamsamehe.

Akaiweka puani.

Nikamwambia, "Humu hamnuki, kaka."

Akasema, "Najua."

Lakini hakuishusha mpaka alipotoka nje.

Wifi yako,
Eliza